Kilo mia juu ya paa si kilo mia sakafuni

Nililinunua Prado langu likiwa limeshavishwa kila kitu. Mwenye gari wa kwanza alikuwa mtu wa safari ndefu na hakuacha duka la vifaa likiwa na njaa: bampa la chuma mbele na winchi yake, keria ya chuma juu na hema la kukunja, kivuli cha pembeni, bampa jingine zito nyuma lenye mkono wa kubebea tairi la akiba na madumu mawili ya dizeli, droo za mbao ndani ya buti, betri ya pili, matairi makubwa kuliko ya kiwandani. Likisimama mahali, watu huja kupiga picha. Likitembea, lilikuwa na tabia za meli.

Watu wengi hupata gari tupu na kuliongezea kitu kimoja leo, kingine baada ya miezi, na mabadiliko yanaingia polepole hadi mwenyewe anayazoea. Mimi nimepita njia hiyo kinyumenyume. Nilivua kimoja kimoja, na kila nilipovua nililirudisha gari kwenye kipande kilekile cha barabara: makorogesho ya changarawe (yale matuta madogo yanayofuatana kama mawimbi), kona mbili kali, mteremko wenye mawe, na mahali ambapo njia inalalia upande mmoja. Ukivua namna hiyo unajua kila kifaa kilikuwa kinakutoza nini.

Kabla ya kugusa bolti hata moja nililipeleka kwenye mizani. Tangi limejaa, mimi peke yangu ndani, hakuna mzigo wa safari. Kilo 2,760. Kibao cha kiwandani kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango kinasema gari hili, pamoja na watu, mafuta na kila kilichomo, lisizidi 2,850. Maana yake nilikuwa nimebakiwa na kilo 90 za kutumia: abiria mmoja na begi lake, basi. Wakipanda watatu tumeshavuka kiwango, na bado hatujaweka tone la maji wala sufuria.

Kosa linaloendelea kurudiwa kuhusu namba hiyo ni kudhani kwamba springi nzito zinaiondoa. Springi zinainua gari lisikae chini. Haziongezi nguvu ya ekseli, wala ya beringi, wala ya breki, wala ya chasisi. Uzito unabaki uleule. Kilichoondoka ni dalili ya kuuona kwa macho.

Nilianzia juu, kwa sababu ndiko kulikokuwa kunanitisha. Keria ilikuwa kilo 44, hema 61, kivuli na vyuma vyake 14. Jumla 119. Vitabu vya magari mengi ya saizi hii vinataja kilo 80 hadi 100 kwa paa zima, keria yenyewe ikiwa imo ndani ya hesabu, na kiwango hicho ni cha gari likitembea. (Suzuki Jimny mpya inaruhusiwa kilo 30 tu, na bado utaziona zikipita na mahema.) Kiwango cha gari likiwa limesimama huwa kikubwa zaidi, ndiyo maana watu wawili wanaweza kulala juu bila paa kubonyea, na ndiyo maana vilevile wauzaji wa mahema hupenda kuitaja namba hiyo na kuinyamazia ile nyingine.

Hesabu yake ni rahisi na ninaipenda kwa sababu haina mahaba na mtu. Chukua gari la kilo 2,600 ambalo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 75 kutoka chini, na upana kati ya tairi la kushoto na la kulia ni mita 1.57. Kwenye karatasi, gari hilo litaanza kupinduka likiegemea nyuzi 46 hivi. Weka kilo 120 kwenye kimo cha mita mbili: kitovu kinapanda hadi sentimita 80 na ushee, na nyuzi zinashuka hadi 44. Inua gari sentimita 5 kwa springi ndefu, unafika 42 na nusu. Atakayesema nyuzi tatu na nusu si kitu, namwomba akumbuke kwamba hesabu hii inachukulia gari kama jiwe, lisilokunjika popote. Gari halisi lina springi, na likiegemea, springi za upande wa chini zinabonyea, tairi la chini linajikunja, kitovu kinahamia zaidi upande wa bonde. Kisha tairi la juu linapanda jiwe la sentimita 20, na hilo peke yake linaongeza nyuzi 7. Zile tatu na nusu ulizouza ndizo ulizokuwa unazihitaji.

Lakini hata asiyepita njia za kulalia upande anaulipia mzigo wa paa kila kona. Gari likiingia kona linalala. Hiyo ni kawaida. Lenye mzigo juu linalala zaidi, na kibaya zaidi linachelewa kuamka. Unaponyoosha usukani, kiwiliwili kinarudi katikati, kinapitiliza, kinarudi tena. Kwenye kona mbili zinazofuatana, ya pili inakukuta ukiwa bado unadaiwa na ya kwanza. Nilipoteremsha keria na kila kilichokuwa juu yake, nikapita pale pale kwa mwendo uleule, shemeji yangu, ambaye ni fundi na alikuwa amekaa kiti cha kushoto, aliacha kushikilia mpini wa juu ya dirisha. Hakusema kitu. Mkono tu ulirudi mapajani.

Kitu cha pili kuondoka kilikuwa bampa la nyuma na mkono wake. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana uzito unaoning'inia nje ya ekseli una hila ambayo mizani ya kawaida haioneshi mpaka upime ekseli moja moja.

Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya gari hili kuna mita 2.79. Bampa lile na madumu yaliyojaa lilikuwa na kilo kama 130, na kitovu chake kilikuwa mita 1.1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ungetegemea ekseli ya nyuma ibebe 130. Haibebi 130, inabeba 181. Zile 51 za ziada zimetoka mbele, kwa sababu ekseli ya nyuma imegeuka kuwa egemeo la mzani, na kila kinachobonyeza mkia kinainua pua. Kwa hiyo umeongeza uzito na papo hapo umeyanyang'anya matairi ya mbele, yale yanayopiga kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, kilo 51 za kushikia ardhi. Usukani unakuwa mwepesi kwa namna ya uongo. Ukipanda mlima wa changarawe unageuza usukani na pua inakataa kwanza, inafikiri, ndipo inafuata. Usiku taa zako zinaangaza matawi ya miti na macho ya wanaokuja.

Mbele hesabu ni ileile ikiwa imegeuzwa. Bampa na winchi kilo 106, sentimita 85 mbele ya ekseli: ekseli ya mbele inapata 138, ya nyuma inapoteza 32. Ndipo utakapomsikia mtu akisema, basi vizuri, cha mbele kitasawazisha cha nyuma. Kwenye mizani, kweli, ekseli zinasawazika. Barabarani haisaidii, kwa sababu ya jambo jingine: gari linapopiga kona linajizungusha kwenye kitovu chake, na ugumu wa kukizungusha kitu unakua kwa mraba wa umbali. Kilo mia zilizo mita 2.4 kutoka katikati ya gari zinaleta ugumu mara 16 ya kilo mia zilezile zikiwa sentimita 60 kutoka katikati. Mtu aliyebeba ngazi begani analijua hili. Akigeuka, ngazi inakataa kuanza, na ikishaanza inakataa kusimama. Gari lenye chuma kizito puani na mkiani linafanya hivyo hivyo. Kwenye changarawe, mkia ukishaanza kuteleza, unateleza kwa kituo, taratibu, na kuurudisha kunataka mkono na subira kuliko gari tupu. Likirudi, linarudi kwa nguvu na kutaka kupitiliza upande wa pili.

Winchi sijaitupa, niliiuza pamoja na bampa, na kwa fedha zake nikanunua winchi ya mkono ya kuvuta kwa mpini, kilo 20 na waya wake, ambayo inalala sakafuni nyuma ya kiti cha dereva. Ni ya polepole mno, inachosha mabega. Ila inavuta mbele, nyuma na pembeni, na haining'inii popote. Anayesafiri peke yake kwenye matope kila wiki atanicheka, na ana haki. Kwake winchi ya umeme ni chombo cha kazi. Yeye namshauri kitu kimoja tu: atoe waya wa chuma aweke kamba ya sintetiki ya winchi. Anapunguza kilo kadhaa mahali pabaya kuliko pote, na kamba ikikatika hairuki kwa ghadhabu ya waya.

Kuna watu wataniuliza vipi usalama bila bampa la chuma, mnyama akikatiza. Ni swali la haki. Mimi jibu langu ni kutotembea usiku, na silifanyi kuwa sheria kwa mwingine. Zipo bampa za alumini, na zipo za chuma zilizokatwa vizuri ambazo hazifiki nusu ya uzito wa lile langu. Mwenye kulihitaji alinunue kwa mizani, asilinunue kwa sura.

Sasa springi. Baada ya kuvua pua na mkia, gari lilibaki limesimama juu kama limekanyaga miba. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameweka springi ngumu mbele za kubeba bampa, na nyuma za kubeba kilo 400 za kudumu. Bila mzigo huo, matairi ya nyuma yalikuwa yanarukaruka kwenye makorogesho badala ya kuyafuata, na tairi lililo hewani halina breki wala usukani. Springi ngumu kwenye gari jepesi ni tatizo kama springi laini kwenye gari zito, na wengi wananunua za namna hiyo kwa ajili ya safari moja ya mwaka, halafu wanaishi nazo miezi kumi na moja likiwa tupu. Nilichagua za uzito wa kati, zinazolingana na gari linavyokuwa siku nyingi, nikakubali kwamba siku ya safari nzito litakaa chini sentimita mbili tatu.

Springi inabeba, shokapu inatuliza. Hizo ni kazi mbili tofauti na moja haiwezi kuisaidia nyingine. Shokapu hugeuza mtikisiko kuwa joto, na kwenye makorogesho marefu gari zito linaipa kazi kuliko uwezo wake wa kupoa. Mafuta ndani yanakuwa mepesi, yanatoa povu, na baada ya muda unaendesha gari lenye springi tupu. Hapo ndipo mtu anasema barabara imeharibika zaidi huku mbele, kumbe barabara ni ileile. Simama, ziguse kwa tahadhari: ya moto sana kuliko wenzake ndiyo inayofanya kazi, na ile iliyo baridi huenda imeshakufa. Suluhisho la bure ni kupunguza mwendo na kupunguza kilo.

Kwa wenye pikapu zenye springi za vyuma bapa nyuma, neno moja. Ile mifuko ya hewa inayowekwa kati ya springi na chasisi inainua mkia vizuri sana, lakini springi ya asili inagawanya mzigo kwenye sehemu mbili za chasisi, mbele na nyuma ya ekseli, na mfuko unaupeleka wote mahali pamoja katikati. Ongeza trela linalobonyeza mkia na shimo lisilotarajiwa, na chasisi inaweza kupinda. Picha za pikapu zilizovunjika mgongo nyuma tu ya kabini si za kutunga. Pia pikapu za zamani nyingi zina valvu ya breki inayosoma urefu wa mkia: mkia ukiwa chini inajua kuna mzigo, inaruhusu breki zaidi nyuma. Ukiliinua gari bila kuirekebisha valvu hiyo, inaamini gari ni tupu wakati umejaza matofali.

Kuinua kwenyewe kuna gharama nyingine usukanini. Gari likipanda, pembe inayoufanya usukani urudi wenyewe katikati hupungua, na barabara kuu inageuka kazi ya kurekebisha kila sekunde. Langu lilikuwa hivyo. Alaimenti ya kawaida haikutosha mpaka lilipoteremshwa kwenye springi mpya.

Matairi nilichelewa kuyagusa kwa sababu, nikiri, yalikuwa mazuri kwa macho. Ya kiwandani ni 265/65R17, yenye kipenyo cha milimita 776. Yaliyokuwepo ni 285/70R17, milimita 831. Ongezeko ni asilimia 7. Unachokipata ni nusu ya tofauti, milimita 27 za nafasi chini ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli. Si haba, na ndizo pekee ambazo springi ndefu haziwezi kukupa, kwa sababu difu la gari lenye ekseli nzima halipandi kwa springi. Unachokitoa ni kwamba kila gia imekuwa ndefu kwa asilimia 7, breki zina nguvu pungufu kwa kiasi hicho hicho, na mshale ukisema 100 huenda unatembea 107. Kila gurudumu la kwangu lilikuwa limeongezeka kilo 8 hivi, na hizi si kilo kama za kwenye buti. Ziko chini ya springi, na zinazunguka. Shokapu inapaswa kuzituliza kila kokoto, injini kuzizungusha kila unapoondoka, breki kuzisimamisha kila unaposimama. Nimerudi saizi ya kiwandani, lakini tairi la kuta ngumu la kubebea mzigo. Sijajuta, ila kwenye njia za malori yaliyochimba mifereji nasikia tumbo la gari likisugua tuta la katikati, na hapo nazikumbuka zile milimita.

Kwenye mchanga tofauti ilikuwa kubwa kuliko yote. Gari la kilo 2,760 kwa upepo wa psi 16 lilikuwa linachimba. Lilelile likiwa limepungua kilo 400, kwa upepo uleule, linaelea juu. Ndiyo maana Jimny, yenye injini ya lita 1.5 na uzito wa kilo 1,100 na kidogo, inawapita wakubwa wakiwa na majembe mikononi.

Breki zinajieleza zenyewe. Nguvu ya mwendo inayopaswa kugeuzwa joto inapanda sawasawa na uzito, kwa hiyo gari lililotoka 2,200 hadi 2,760 linazipa diski zilezile robo zaidi ya kazi, kila mara, kuanzia kilele cha mteremko hadi chini. Kwenye mteremko weka gia nzito mapema, kabla ya harufu ya breki.

Leo mizani inasoma 2,350 nikiwa peke yangu na tangi limejaa. Zimebaki kilo 500 za watu, maji na mzigo, na ninazipanga hivi: maji, lita 60, kwenye sakafu nyuma ya viti vya mbele, kwa sababu ndicho kitu kizito kuliko vyote na ndicho kinachopungua njiani. Friji na sanduku la vifaa vinakaa moja kwa moja juu ya ekseli ya nyuma, vimefungwa kwa mikanda kwenye pete za sakafu. Nguo, magodoro na chochote chepesi ndivyo vinavyokwenda nyuma kabisa au juu. Droo nilizitoa, zilikuwa kilo 70 za mbao za kupangia vitu vya kilo 30. Bamba la chini la kukinga injini nimeliacha, kilo 25, kwa sababu liko chini kabisa na nimelisikia likifanya kazi yake.

Upepo naupanga baada ya kupakia, si kabla. Naanza na makadirio, kwa mfano 34 mbele na 38 nyuma kwenye lami, asubuhi matairi yakiwa baridi. Baada ya saa moja ya mwendo napima tena. Yakiwa yamepanda psi 4 hadi 6, sawa. Yakipanda zaidi, upepo wa asubuhi ulikuwa mdogo na kuta zinajikunja kupita kiasi. Yakipanda chini ya hapo, nilijaza mno. Napima kila tairi peke yake, kwa sababu betri ya pili na friji zote zimeangukia upande wa kushoto, na tairi la nyuma kushoto huwa linapanda kuliko mwenzake wa kulia hata nikiyaanzisha sawa. Shemeji anasema nihamishie betri kulia. Ana hoja, ila waya zake zimepita pabaya, kwa hiyo kwa sasa nimehamisha friji.